Nimechora waridi ubaoni, nimekusanya mawaridi 68

Shikamoo Mama.

Mimi ni mwalimu katika shule moja ya kata huku Newala, huu ni mwaka wangu wa tatu kazini. Nimesomea Historia na Kiswahili. Mwezi wa kwanza mkuu wa shule aliona nimepamba ubao wa matangazo kwa maua, akaniita ofisini: "Madamu, kumbe unajua kuchora! Basi Sanaa ya kidato cha kwanza ni yako." Ndivyo nilivyopewa somo.

Darasa lina wanafunzi 68, wengi wana miaka 13 au 14. Tunaonana mara moja kwa wiki, dakika 80. Stoo nilikuta boksi moja la penseli za rangi, nusu zimevunjika, na makopo sita ya rangi ya unga iliyoganda. Maji ya huku juu kwetu nadhani unayajua. Siwezi kumwaga ndoo nzima kuoshea brashi wakati wapishi wa uji wanahesabu madumu.

Nimejitahidi, Mama. Kila wiki nachora picha ubaoni nao wananakili: chungu, nyumba, mlima na jua lake. Mwezi uliopita nilichora waridi. Nilikaa jioni nzima na simu nikijifunza namna ya kulichora. Nilipokusanya kazi nikapata mawaridi 68 yanayofanana, hata bua ambalo mimi mwenyewe nililipindisha kushoto kwa bahati mbaya, wote wamelikopi vilevile. Na tangu nifike Newala sijaona waridi hata moja limeota.

Kuna kijana mmoja ananiumiza roho. Babu yake ni mchongaji wa vinyago. Mwenyewe amewahi kuja na lori alilotengeneza kwa mabua na makopo, hadi usukani unazunguka. Lakini kwenye waridi nilimpa 20 kati ya 100, na tangu siku hiyo analeta karatasi yenye jina tu. Nimemuuliza, kanijibu, "Madamu, mie sijui kuchora." Upande mwingine yupo binti anayenakili wachezaji mpira kutoka magazetini utadhani ni picha ya kamera. Akianza yeye, wenzake wanaweka penseli chini na kumzunguka. Halafu wiki mbili zilizopita mzazi mmoja alikuja kuniomba kwa heshima mwanawe asichore viumbe vyenye roho. Sikujua nimjibu nini.

Msimu wa korosho umeingia, mahudhurio yameanza kupungua, mwaka ndio huo unakwisha. Nimeambiwa mwakani nitaendelea nao kidato cha pili. Nianzie wapi? Au nimrudishie mkuu somo lake?

Madamu wa Mawaridi, Newala

*

Marahaba, mwanangu. Pole na kazi, na unisamehe: lile bua lililopinda kushoto mara 68 limenichekesha hadi mjukuu akaja kuuliza kuna nini.

Somo usilirudishe. Ila hebu isome tena barua yako pale kwenye bua. Watoto walioweza kulinakili kosa lako mpaka kona yake, mikono yao ni mizima na nidhamu wanayo. Hawajawahi kupewa kitu halisi mbele ya macho na muda wa kukitazama, hilo tu. Ukichora ubaoni, kazi ngumu umeshaimaliza peke yako. Umechukua kitu chenye unene, chenye mbele na nyuma, ukakilaza kikawa mistari, wao wanapokea mistari. Umewatafunia, wamemeza, na hakuna aliyeshiba. Kwa hiyo wiki ijayo ubaoni andika tarehe, basi.

Bahati yako umeniandikia wakati wa mabibo. Kabla hujaleta hata moja darasani, waambie wachore bibo na korosho yake kwa kichwa, dakika 5. Hawa ni watoto waliookota korosho tangu hawajaanza darasa la kwanza, watakuona unawachezea. Nilifanya hivyo Lindi nikiwa bado na chaki mkononi, na mimi nilidhani nawapa zoezi la kitoto. Nilipopita katikati ya madawati nikakuta korosho imekaa juu kwenye kikonyo kama kofia. Nyingine imo ndani ya tunda kama kokwa ya embe. Mmoja alichora embe kabisa, akaandika "bibo" chini yake ili tusibishane. Waliochora korosho ikining'inia chini, nje ya tunda, kama inavyokaa mtini kila siku ya Mungu, walihesabika.

Usimkosoe mtu. Kusanya karatasi zikiwa na majina na tarehe, funga kwa kamba, weka. Kisha gawa mabibo, moja kwa kila dawati, na penseli zote ziwe chini. Dakika 3 za kutazama na kugusa. Waulize, wakuoneshe kwa kidole: wapi bibo limenenepa, wapi limebana? Korosho imejikunja upande gani? Ganda lake lina rangi moja? Wapi panang'aa, na ule mng'ao ukiligeuza bibo unahama au unabaki? Usiwape majibu. Baada ya hapo ndipo wachore, wakiwa na ruhusa ya kuinua macho mara nyingi kadiri wapendavyo. Utaona wengine wanaligeuza bibo chini juu kama hawajawahi kuliona, na kweli hawajawahi.

Angalizo la kimama: maji ya bibo hayatoki kwenye shati jeupe, waambie wakunje mikono. Na ukimaliza yatoe yote darasani siku hiyohiyo. Niliyaacha Ijumaa, Jumatatu mwalimu wa zamu akaingia akauliza nani kaleta uraka, ile pombe ya mabibo.

Sasa huyo binti wa wachezaji. Ana kipaji, usimvunje moyo, ila anajua kunakili picha ambayo kamera imeshailaza. Yeye na wenzake wape zoezi moja litakalowaweka benchi moja. Kila mtu aweke mkono wa kushoto mezani (wa shoto waweke wa kulia), vidole vimekunjwa kidogo, auangalie mkono huo na asiitazame karatasi hata mara moja. Jicho litembee ukingoni mwa kidole polepole kama kinyonga, na penseli itembee nalo bila kuinuliwa. Kila kunyanzi kwenye kiungo jicho liingie na kutoka, mkono nao vivyo hivyo. Dakika 5. Yatakayotoka ni mazimwi matupu, kidole gumba kimeota kwenye kifundo cha mkono, na la binti litachekesha sawa na la mwingine. Waache wacheke. Halafu waoneshe sehemu moja ndogo, mara nyingi ni kwenye kucha au kunyanzi za kiungo, ambapo mstari umekuwa hai kuliko chochote walichokuchorea mwaka huu. Ipo karibu kila karatasi, itafute.

Binti akitaka wachezaji wake, sawa, ila gazeti aligeuze kichwa chini. Hapo hawezi tena kuchora "jicho" na "pua" alivyozikariri, atalazimika kufuata mistari ilivyo. Na siku akichora uso, mpe rula apime uso wa jirani yake: macho yanakaa karibu katikati kabisa, kati ya utosi na kidevu. Watoto wa umri huo, karibu wote, huyapandisha kwenye paji la uso kwa sababu nywele hawazihesabu.

Nije kwa kijana wa lori, maana yeye ndiye nilimfikiria usiku.

Zile 20 zifute. Mwite kando, mwambie alama ile ilikuwa ya waridi, na waridi hata wewe mwenyewe hujaliona Newala. Usimbembeleze zaidi ya hapo. Kijana wa miaka 14 akibembelezwa mbele ya wenzake atakukimbia. Kisha fikiria anatoka nyumba gani. Kinyago cha Kimakonde hakina upande mmoja wa kutazamwa. Ile nguzo ya watu waliobebana, wanayoiita ujamaa, imetoka kwenye gogo moja la mpingo, na ili uione inabidi uizunguke. Mtoto aliyekua akiona hivyo, ukimpa karatasi bapa na ua la ubaoni, umemnyang'anya kitu anachofikiria nacho, yaani unene. Hata George Lilanga, aliyezaliwa upande wa Masasi mwaka 1934, alikuwa mchongaji kabla dunia haijamjua kwa picha zake za rangi.

Mpe muhogo mbichi ulionyooka, wa kujaa kiganjani, na kisu kifupi. Akae nje kivulini na wewe uwe hapohapo umesimama. Visu havigawiwi kwa watoto 68, wanaanza yeye na wengine wawili watatu watakaoomba. Achonge anachotaka, hata lori. Kikiisha, mwambie akiweke mezani akichore kutoka mbele, kisha ubavuni, kisha nyuma, kisha kutoka juu akiwa amesimama. Michoro minne midogo kwenye karatasi moja. Hatakwambia tena kwamba hajui, kwa sababu kila mstari atakaouweka mkono wake umeshaupita na kisu. Ufanyike siku ileile lakini, muhogo ukilala unabadilika rangi na kusinyaa.

Na babu yake muite. Nenda nyumbani kwao mwenyewe, usitume barua kwa mtoto. Mwombe aje na tezo na gogo ambalo hajalimaliza, hasa hajalimaliza. Kinyago kilichokwisha kung'arishwa kitawafanya watoto waseme "aah" na kukaa. Gogo lililoanza kukatwa litawaonesha mzee anaanzia wapi: kichwa ni bonge, mabega ni bonge, magoti ni bonge, na uso hauna kitu kabisa. Watoto wako wanaanza na kope za macho, wakifika miguuni karatasi imekwisha. Mzee akianza na kope, gogo litamshinda. Mwache aseme kwa maneno yake, na kama Kimakonde kitamjia kwanza, kijana atafsiri. Nataka uitazame sura ya kijana siku hiyo.

Baada ya hapo kila mchoro uanze na bonge. Umbo kubwa kwanza kwa mstari mwepesi, vipimo vifuate: mkono umenyooka, kiwiko hakikunjwi, jicho moja limefumbwa, penseli imesimama na dole gumba linateleza juu yake kupima. Kiwiko kikikunjwa kipimo kimekufa, na watakikunja kila mara, utasema mpaka uchoke.

Azima sufuria kwa wapishi wa uji. Hilo ndilo somo la duara. Liweke chini sakafuni, wachore mdomo wake. Liinue mpaka usawa wa macho yao: mdomo umekuwa mstari. Lipandishe juu ya kichwa, sasa wanaona kitako. Sufuria ni lilelile. Karibu wote huchora mdomo mviringo na kitako kilichonyooka kama rula, kwa sababu wanajua sufuria linakaa bila kuyumba. Wakilitazama likiwa chini ya macho yao, watagundua kitako kimepinda hata kuliko mdomo, kwa kuwa kiko mbali zaidi na usawa wa jicho. Hapo tumia kipindi kizima, usione haraka.

Kwa kivuli, achana na penseli. Tafuta mifuko ya saruji, ile ya karatasi, ichane utoe karatasi za kati na uikung'ute nje, upepo ukiwa mgongoni kwako, maana vumbi la saruji linachoma macho. Rangi yake ya kaki tayari ni nusu ya kivuli. Mkaa unaleta giza, chaki ya ubaoni inaleta mwanga, na pale ambapo si giza wala mwanga karatasi inabaki ilivyo. Weka nazi dirishani, funga madirisha mengine. Waulize sehemu nyeusi kuliko zote iko wapi. Watasema ukingoni. Waambie watazame tena: mara nyingi weusi mkubwa umesogea kidogo kutoka ukingoni, na ukingo wenyewe umepata mwanga kidogo uliodunda mezani. Kabla ya nazi wachore visanduku vitano, cha kwanza kitupu, cha mwisho mkaa mtupu, vitatu vya kati wavitafute wenyewe. Cha nne kitawatoa jasho.

Na mna Shimo la Mungu hapo Newala, ule ukingo wa kutazamia bonde, halafu unachora mlima ubaoni! Wapeleke asubuhi moja, kwa vikundi, na wakae mbali na ukingo. Wachukue mistari mitatu tu ya mkaa: miti ya karibu, bonde la Ruvuma, na vilima vya ng'ambo upande wa Msumbiji. Vya karibu ni vyeusi na vina majani, vya mbali vimefifia hadi vinakaribia kuwa mbingu. Hiyo ni hewa iliyojaa katikati. Wakishaiona hawatachora tena mlima mweusi wenye jua limechungulia.

Mzazi usibishane naye, na usimwone mshamba. Hilo ni jambo la dini yake na mwanawe ni wake. Mwambie tu ukweli, kwamba kila stadi niliyokwisha kuitaja inafundishika kwa bibo, sufuria, nazi na jani la mkorosho. Mtoto wake siku ya uso achore kanga: pindo linavyojirudia bila kukatika kwenye kona, mji wa katikati, nafasi ya jina. Kugeuza kona ya pindo ni hesabu ngumu kuliko kuchora shavu la mtu, na huenda wenzake wakaomba wahamie huko. Kwa mfano wa mbali zaidi, milango ya kuchonga ya Mikindani inatosha kumnyamazisha anayedhani bila sura ya mtu hakuna sanaa.

Rangi ziache mpaka mwakani. Zikifika, udongo wenu mwekundu uliochekechwa, mkaa uliosagwa na manjano ya jikoni, vikikorogwa kwenye uji mwepesi wa unga wa muhogo, vitakupa mwanzo mzuri kwa kikombe kimoja cha maji kwa dawati.

Alama utatakiwa upeleke kwa mwalimu wa taaluma, hilo najua. Usisahihishe uzuri. Toa ile bunda ya mabibo ya kichwa uliyofunga kwa kamba, weka bibo la kwanza kando ya la mwisho la mtoto huyohuyo, na umpe alama kwa alichokiona safari ya mwisho ambacho mara ya kwanza hakukiona. Binti wa wachezaji anaweza kupata 60 na kijana wa lori 75, nao wakielezwa wataelewa. Na wewe uchore nao, kwenye dawati la nyuma, karatasi yako ibandikwe pamoja na zao. Ikiwa mbaya ndio vizuri zaidi.

Mkaa usinunue, ule wa jikoni ni mgumu na unakwaruza karatasi. Kata vijiti vikavu vya unene wa penseli, vibandue maganda, vipange kwenye kopo la maziwa ya unga vikiwa vimebanana. Funga kifuniko, toboa tundu moja kwa msumari, uliweke kopo kwenye moto wa wapishi wanapomaliza uji. Moshi utatoka kwenye tundu. Ukikoma, liondoe motoni uliache limefungwa hadi lipoe kabisa, ikibidi mpaka kesho yake. Mimi la kwanza nililifungua kwa pupa likiwa bado la moto, hewa ikaingia, nikabaki na kopo la majivu na wanafunzi 40 wananitazama.

Mama